Meli ya makaa ikichelewa, nani analipa?

Lori lilipita tuta la Miritini kwa kasi, turubai likafunguka upande mmoja, na kabla taniboi hajapiga bodi kumsimamisha dereva, mawe meusi yalikuwa yashatapakaa kando ya barabara hadi karibu na meza ya mama anayeuza mahamri pale stejini. Mie nlikuwa nangoja matatu, sahani ya mbaazi mkononi.

Watoto wakaanza kuokota. Mama naye ni mtu wa biashara, na bei ya makaa siku hizi haishikiki, basi akachagua vipande vitatu vinne akaviweka jikoni juu ya makaa yake ya kawaida. Mwanzo kimya. Alafu moshi. Si huu moshi wa kuni tuliouzoea, ni moshi mzito wa manjano-manjano wenye harufu ya kiberiti inayokukaba kooni, wateja wote tukaruka pembeni na sahani zetu, mzee mmoja akawa anakohoa na kucheka kwa pamoja.

"Mama toa hayo! Hayo si ya jiko, hayo ni ya kiwanda cha simiti, yanaenda Athi River!" taniboi akapiga kelele huku anapambana na kamba ya turubai.

"Na yanatoka wapi?"

"Melini. Yatoka Sauzi hayo."

Mama akayatoa moja moja kwa koleo akayatupa mtaroni, na bila hata kumtazama yule kijana akauliza: "Sasa siku meli isipokuja, hicho kiwanda chapikia nini?"

Taniboi akacheka. Matatu ikaja, nikapanda.

Na lile swali likapanda na mimi.

## Simiti yaweza kungoja

Kiwanda cha simiti kikikosa makaa ya mawe kina pa kushika. Tanuri lenyewe linahitaji joto la nyuzi kama 1,450, si mchezo, lakini likizimwa kuna akiba ya klinka stoo, yale madonge yanayotoka tanurini, inasagwa, ikiisha bei ya mfuko inapanda, mafundi wananung'unika, nyumba ya mtu inachelewa kumalizika. Basi. Hakuna mtu amewahi kufia theta kwa sababu klinka imechelewa.

Stima haina subira hiyo. Inayotumika saa hii imezalishwa saa hii hii, na kituo kikubwa cha stima kikikosa mafuta yake huwezi kuwaambia watu warudi Jumatatu.

Ndo akili ikanipeleka Lamu.

Hadithi ya Lamu wengi mnaijua na sina haja ya kuirudia yote hapa: kituo cha stima cha makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, kampuni ya Amu Power upande mmoja, wapinzani wa Save Lamu na fulana za deCOALonize upande wa pili, kesi juu ya kesi. Miaka yote ile tulibishana juu ya moshi, mikoko, samaki, na Mji wa Kale ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na ile chimni ya mita 210 ambayo ingekuwa ndefu kuliko jengo lolote la Nairobi. Yote hayo ni ya haki. Lakini najaribu kukumbuka hata siku moja, kibarazani, kwenye magrupu ya WhatsApp, popote, mtu akiuliza swali la mama wa mahamri, sikumbuki. Kwamba hilo dubwana litalishwa na nani, kila siku, kwa miaka 25?

## Hesabu ya nyuma ya risiti

Mie si injinia. Lakini hesabu hii haihitaji injinia, nliifanya nyuma ya risiti ya supamaketi.

Kilo moja ya makaa ya mawe mazuri ina nishati kama megajuli 24. Kilowati-saa moja ni megajuli 3.6. Kituo cha aina ile hakiwezi kugeuza joto lote kuwa stima, sehemu kubwa inaenda na moshi na maji moto, tuseme kimejitahidi kimepata asilimia 38. Ukizungusha hizo namba unapata kwamba tani moja ya makaa inakupa kilowati-saa kama 2,500.

Kwa hiyo megawati 1,050 zikiwaka zote zinakula tani 420 kwa saa.

Tani 10,000 kwa siku.

Nlirudia mara nyingi nikidhani nimeongeza sifuri. Hapana. Lori moja la trela likibeba tani 28, hizo ni lori 357 za kuingia kila siku, na kila lori lililoingia lazima litoke, manake ukikaa kando ya hiyo barabara lori linakupita kila baada ya dakika mbili, mchana na usiku, Idi na Krismasi. Kwa meli ni afadhali, meli ya tani 70,000 inakupa wiki moja. Wiki moja tu lakini! Ikimaliza kuteremsha, nyingine inatakiwa iwe njiani tayari, na ya tatu inapakia huko.

Na kinachoingia hakiishi chote. Makaa yenye jivu asilimia 15, ambayo si ya ajabu, yanakuachia tani 1,500 za jivu kwa siku, na jivu hilo halimwagwi shambani kama la jikoni, lina arseniki, zebaki na jamaa zao, linatakiwa lichimbiwe dimbwi lililofunikwa chini lisivuje. Ufukweni. Mahali ambapo ukichimba kidogo maji ya chumvi yanakusalimia.

Alafu kuna lundo lenyewe. Hakuna mwenye akili anayeendesha kituo kama hicho bila akiba, tuseme ya mwezi, hizo ni tani 300,000 zimekaa nje. Makaa ya mawe yakirundikwa ovyo yanapata joto yenyewe kwa ndani hadi yanashika moto bila mtu kuyawasha, kwa hiyo yanashindiliwa na matingatinga na kunyunyiziwa maji, na yale maji meusi nayo lazima yakingwe yasiende baharini. Huku kwetu pepo ni mbili, kusi na kaskazi, kwa hiyo vumbi lingekwenda upande mmoja nusu ya mwaka na upande wa pili nusu iliyobaki, kila mtu angepata zamu yake.

## Makaa ya Kitui yalikuwa ya kuongelea

Hapa ndipo nlipoanza kukasirika kidogo.

Enzi ile serikali ilipoahidi megawati 5,000 kwa miezi 40, mwaka 2013 na kuendelea, tuliambiwa Kenya ina makaa yake. Na kweli inayo. Bonde la Mui kule Kitui lina makaa, na kwa sehemu yake moja tu, Bloku C, ilitangazwa tani milioni 400. Wanasiasa walikuwa wanayataja mayai yale na kuku hajaatamia. Watu wengi nlioongea nao wiki hizi, na ni watu wasomi, mpaka leo wanaamini kituo cha Lamu kingechoma makaa ya Kitui.

Mpango wenyewe ulikuwa uanze na makaa ya kuagiza, Afrika Kusini ikitajwa. Kitui ingekuja baadaye, ikichimbwa.

Ikichimbwa! Na isafirishwe na nini? Kutoka Mui mpaka Kwasasi hakuna reli, wala msingi wa reli. Ndo unarudi kwa zile lori 357, safari hii si za kutoka gatini, ni za kuvuka Tana River na kupita barabara ya Lamu ambayo mabasi yamekuwa yakipita kwa msafara na polisi wenye silaha. Hebu fikiria msafara wa lori kila dakika mbili.

Kwa hiyo neno la "makaa yetu" lilikuwa la kwenye majukwaa. Kwenye karatasi ilikuwa meli.

## Ami

Nlimpelekea ami yangu ile risiti. Ami alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini miaka mingi kabla kontena hazijameza kazi zote, na ni mtu ambaye hapendi wanaharakati, anasema wanapinga kila kitu mpaka mvua.

"Shikamoo ami, hebu angalia hii."

Akavaa miwani. Akasoma kimya. Nlidhani atashtuka.

"Mwanangu, hii mbona ni kazi? Meli kila wiki, wajua ni watu wangapi wanakula hapo? Wakala, tagi, wapakuzi, mama lishe, mlinzi. Nyinyi mwaona moshi. Mie naona gengi tatu za vibarua usiku na mchana."

Nikamwambia makaa siku hizi yanateremshwa na kreni yenye kucha na mkanda, gengi zake hazipo tena. Hilo alikubali, ila alichonijibu kikanifunga mdomo: "Na hiyo taa unayosomea hii karatasi yako, inatoka wapi?"

Kwa sababu tulikuwa Changamwe, na kutoka uwanjani kwa ami, ukisogea kidogo, unaona Kipevu, kwenye stima ya mafuta.

Ami hakuwa peke yake. Jamaa yangu mmoja wa Hindi, ule mji wa kule Lamu bara, tulisoma pamoja, yeye aliunga mkono kituo tangu mwanzo na hajabadilika. Aliniambia kwenye simu, bila hasira, ndo mana iliniuma: nyinyi Mombasa mna bandari, mna reli, mna viwanda vya kila aina vya kuwatia moshi na kuwapa mishahara, sisi tukitaka kimoja mwatuambia tuhifadhi mji wenu wa kuja kupigia picha. Mjukuu wa mvuvi atakuwa mvuvi mpaka lini?

Nlimwambia bandari ya Lamu imefunguliwa 2021. Akaniuliza nimeona meli ngapi.

Sikuwa na jibu zuri, na sasa pia sina. Hesabu yangu ya tani elfu kumi haimwambii kitu kijana wa Hindi asiye na kazi. Naweza kusema kazi za kudumu kwenye kituo kama hicho si nyingi kama za ujenzi, kwamba ujenzi ukiisha wengi wanarudi nyumbani, na ni kweli, lakini hata kazi chache ni nyingi kuliko sufuri. Nliandika aya nzima ya kumjibu hapa nikaifuta. Ana haki ya kuuliza, na sisi wa huku mjini tusijifanye hatujamsikia.

## Tuseme kilijengwa

Lakini usiku fulani stima zilipotea, nipo kitandani na joto la kufa mtu, nikaanza kucheza na wazo moja: tuseme hakuna aliyekwenda mahakamani. Tuseme kilijengwa kikawashwa 2021, kila mtu na kofia yake ya ujenzi anapiga picha. Kingetufanyia nini?

Kwanza, kuna pesa ya kukifanya kikae tayari. Hii ndo sehemu ambayo raia wengi hatuielewi, mikataba ya aina hii ina malipo ya uwezo, yaani unalipa kwa sababu kituo kipo, kiwake kisiwake. Wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochambua fedha za nishati, mwaka 2019 walikadiria Lamu ingekuwa dola milioni 360 kila mwaka, kwa miaka 25, jumla kama dola bilioni 9. Gawanya kwa siku.

Karibu dola milioni moja kila siku, na hujachoma hata kipande.

Ni kama kufuga ng'ombe wa maziwa kwa mkopo, mjini, huna shamba, majani ya kununua, na mkopo unakatwa hata siku ambayo hujamkamua.

Na hizo ni dola. 2019 dola ilikuwa shilingi mia na kidogo. Januari 2024 ilifika kama 160. Deni lile lile, ng'ombe yule yule, lakini kwa shilingi zetu limenenepa kwa zaidi ya nusu na wala hakuna aliyekula zaidi.

Sasa makaa yenyewe. Katikati ya 2020, korona imefunga dunia, tani ya makaa pale Richards Bay, bandari ya makaa ya Afrika Kusini, ilikuwa chini ya dola 60. Tani 10,000 ni dola 600,000 kwa siku, unaumia lakini unapumua. Alafu Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine, Ulaya wale wale waliokuwa wakitufundisha ubaya wa makaa wakakimbilia Afrika Kusini kuyagombania, bei ikapita 300. Dola milioni 3 kwa siku. Hapo unashindana kununua na Ujerumani. Sisi!

Kisha utasema, hiyo ni shida ya kampuni, si yetu. Fungua ile meseji ya tokeni ya stima. Angalia chini ya pesa uliyonunulia, pale ambapo watu hawasomi: gharama ya mafuta, gharama ya ubadilishaji wa fedha za kigeni. Hizo laini mbili ndo mlango. Mafuta yakipanda bei huko nje, yanapita hapo. Shilingi ikianguka, inapita hapo. Aliyejenga hapati hasara, benki haipati hasara, anayepata ni yule anayenunua tokeni ya 200 pale Likoni na kuona yunti zimepungua tena, anadhani mita imeharibika.

Na hapo bado meli haijachelewa.

Kwa sababu Richards Bay yenyewe ni hadithi. Ile gati inaweza kusafirisha tani milioni 91 kwa mwaka. 2017 ilitoa kama milioni 76. 2023 ilishuka mpaka kama milioni 47, haijawahi kuwa hivyo kwa miaka mingi sana, na si kwa sababu makaa yaliisha mgodini, wala kwa sababu wanunuzi walikosekana. Ni reli. Injini za treni zimekosa vipuri, nyaya za shaba zimeibwa, mabehewa yameanguka. Makaa yapo, meli ipo, na katikati kuna waya umekatwa na mtu ambaye huenda alitaka tu pesa ya unga.

Yaani stima ya Garissa ingeweza kutegemea mwizi wa nyaya wa KwaZulu-Natal. Hilo ndo lilinikosesha usingizi kuliko joto.

Na msisahau, Afrika Kusini wenyewe, wenye makaa chini ya miguu yao, ambao vituo vyao vingi vimejengwa mlangoni mwa mgodi makaa yanaingia kwa mkanda tu, 2023 walikatiwa stima karibu kila siku. Huko shida haikuwa makaa kukosekana, ilikuwa mitambo kuharibika na kuchelewa kutengenezwa. Kumbe hata kuwa na makaa si dawa.

## Kubwa kuliko nyumba

Kuna jambo la ukubwa pia, nitalipita haraka. Nchi nzima, ile saa ya jioni kila mtu amewasha kila kitu, mwaka 2025 ndo tumepita megawati 2,300. Usiku wa manane inashuka sana. Kituo kimoja cha 1,050 kwenye nchi kama hiyo, usiku kingetaka kuwaka peke yake karibu, manake boila la makaa si la kuzima na kuwasha kama taa ya choo, kuliamsha likiwa baridi ni masaa mengi. Ili hilo liwake, nani azimwe? Olkaria? Mvuke wa Olkaria, unaotoka ardhini, tayari kuna usiku unaachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji, mvuke ambao hauletwi na meli yoyote. Na zile mashine zilikuwa tatu za 350 kila moja, moja ikikorofisha ghafla usiku ni sehemu kubwa ya stima ya nchi imeondoka kwa sekunde. Tunakumbuka lile giza la nchi nzima la Agosti 2023, sina haja ya kuongeza.

## Taa ya ami

Nrudi kwa ami, kwa sababu nlimwachia neno lake bila jibu.

Ni kweli. Pwani hii imewashwa kwa mafuta miaka mingi. Kipevu III ya 2011, megawati 120, na Rabai, 90, zote zinachoma mafuta mazito, yale meusi ya kuganda, na yanatoka melini vile vile. Ile ya kampuni ya Tsavo Power ilimaliza mkataba wake 2021. Ukipita Makupa jioni unaziona zile za Kipevu, na tunaoishi huku tumezizoea kiasi kwamba hatuandamani. Hata hii simiti ya nyumba yangu imepikwa kwa makaa ya mawe, nimejua sasa. Kwa hiyo nikisimama hapa nikisema meli si kitu cha kutegemea, nasema hivyo nikiwa ndani ya nyumba iliyojengwa na kuwashwa na meli.

Hii shaka nliibeba muda. Nikauliza watu wawili watatu wanaojua mambo ya gridi, mmoja alifanya kazi kwenye injini hizo hizo. Alichonieleza kikanipa nafasi ya kupumua: zile za Kipevu ni injini, kadhaa, kubwa lakini ni injini kama ya meli, unawasha moja, unawasha mbili, jioni inapita unazizima. Siku za mvua nzuri na mabwawa yamejaa hazina kazi kubwa. Tangu laini kubwa ya kutoka Nairobi iwashwe 2017 stima ya Olkaria inafika mpaka huku, basi zile injini zinashikilia pale panapolegea. Zinalipwa kukaa tayari pia, na kuna watu wanalalamika, na wana haki. Lakini 120 ikikosa mafuta ni usumbufu. 1,050 ikikosa ni janga.

Nlivyomweleza ami, akasema, "Kwa hiyo mwizi mdogo asamehewe?"

Sijui ami. Labda mwizi mdogo apewe tarehe ya kuondoka.

## Kesi ilishinda kitu kingine

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la mazingira likafuta leseni ya kituo cha Lamu ambayo NEMA, mamlaka ya mazingira, iliitoa 2016. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa mwaka huo huo, General Electric ikatangaza 2020 kwamba haijengi tena vituo vipya vya makaa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikashikilia uamuzi ule. Watu wa Lamu wakafurahi na mimi nlifurahi nao, nlipiga simu mpaka salio likaisha.

Lakini nikisoma sababu, kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Sababu nzuri, za kisheria, nazishukuru. Ila ushirikishwaji mtu anaweza kuurudia vizuri zaidi. Ataleta viti, ataleta soda, atatafsiri ripoti, atachukua saini. Na mkataba utakuwa ule ule, wa dola, wa kulipa kiwake kisiwake, wa makaa ambayo yatatoka "nchini" siku ambayo haina tarehe.

Mkutano wa ushirikishwaji nlioutamani ni ule ambao mtu anasimama nyuma kabisa, kanga kichwani, anauliza siku meli isipokuja mtapikia nini, na meza ya mbele hairuhusiwi kwenda chakula cha mchana mpaka ijibu kwa namba. Nani ananunua. Kwa bei gani. Akiba ya siku ngapi. Bei ikipanda mara tano inaingia laini gani ya tokeni. Jivu linalala wapi mwaka wa 26, mkataba umeisha na kampuni imehama.

Nimeyaandika haya maswali kwenye simu, kila mtu ninayemwonyesha anaongeza lake. Mke wangu aliongeza la maji: ya kupoza mashine yanatoka baharini na kurudi baharini yakiwa ya moto, sasa kamba na chaza wapi watahamia? Wavuvi wa Lamu walishawahi kushinda kortini fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari, 2018, na kushinda kortini na kushika pesa ni safari mbili tofauti.

Juzi ami akapiga simu mwenyewe, na huwa hapigi, yeye ni wa kubipu.

"Ile risiti yako bado unayo?"

"Ninayo ami."

"Pale Dongo Kundu walikuwa wanataka kituo cha gesi, zamani ile ile ya Lamu, megawati 700. Wakisema tena, gesi itakuja na nini?"

"Meli ami."

"Ya wiki ngapi hiyo?"

Nikamwambia gesi hiyo inapozwa mpaka nyuzi 160 chini ya sufuri ndo isafiri, matangi yake ni mengine, hesabu yake ni nyingine, anipe muda nitafute namba.

"Tafuta," akasema. "Na ukipata usiniletee kwenye risiti, leta karatasi nzima, kuna wazee hapa msikitini wanataka kuuliza."